Mzee Nyuzi Anajibu: "Ule si Muziki wa Baa?"

SWALI: Shikamoo Mzee Nyuzi. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya vijana huku Magu. Vijana wangu wamezipenda nyimbo za injili za Ghana, zile za gita jepesi na kinamama wanaopokezana sauti. Jumapili ya mavuno tuliimba mmoja. Mzee mmoja wa kanisa akasimama, akasema huo ni muziki wa baa uliovalishwa joho. Kikao cha wazee ni wiki ijayo nami nimeitwa. Nikajibu nini? (Mwalimu wa kwaya, Magu)

Marahaba, mwalimu. Nenda kikaoni ukijua kwamba mzee wako hakukosea sana. Muziki ule umetoka kwenye dansi, na atakayekwambia ulishuka kutoka mbinguni na gita mkononi anakudanganya. Hata jina lake linajitaja. Miaka ya 1920 huko Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, wakubwa walikuwa wakicheza dansi kwenye klabu zao, wamevaa suti za usiku na kofia ndefu nyeusi, kiingilio shilingi saba na peni sita kwa mtu na mkewe. Walalahoi walisimama nje wakisikia nyimbo zao za mtaani zikipigwa ndani na okestra, wakasema hayo ndiyo maisha ya juu, kwa Kiingereza "high life". Hailaifu. Ni jina la kijembe, kama sisi tunavyomwita "bosi" mtu aliyeazima viatu.

Kwa hiyo usibishane naye juu ya asili. Mwombe akufuate mahali pengine. Mwambie aimbe "Cha kutumaini sina", polepole, huku akipiga meza kila pale tuni inapotia mkazo. Mkono utaangukia ku, utaangukia ma, utaangukia ni, na mwisho utaangukia na. Sisi tunatamka SI-na. Tuni inataka si-NA. Hakuna anayesema hivyo sokoni Magu, wala Tanga kwetu. Tumezoea tu, na hatudhuriki kwa sababu kwa Kiswahili mkazo ukihama maana kwa kawaida inabaki palepale, ukiacha maneno machache kama barabara ya kupita magari na lile barabara la "sawasawa".

Wenzetu wa Ghana hawana bahati hiyo. Kitwi ni lugha ya toni, sauti ikipanda au ikishuka neno linageuka jingine. Neno "papa" laweza kuwa baba, laweza kuwa zuri, laweza kuwa kipepeo cha kujipepea, kwa kufuata sauti tu. (Kwetu pwani papa ni samaki na mjadala umekwisha.) Sasa fikiria wamisionari wanachukua tuni za Uingereza na Ujerumani, wanabandika maneno ya Kitwi juu yake bila kutazama sauti inapanda wapi. Watu waliimba kwa heshima zote, huku nusu ya maneno yakiwa yamepinda.

Kuna mtu mmoja hakuvumilia. Ephraim Amu, aliyezaliwa 1899, alikuwa mwalimu wa muziki katika chuo cha Kipresbiteri cha Akropong. Akaanza kutunga nyimbo za kanisa zinazofuata mwendo wa lugha, akaleta ngoma na filimbi za kienyeji, akapanda madhabahuni kuhubiri akiwa amejifunga nguo ya Kiafrika badala ya suti. Mwaka 1933 akaondolewa chuoni. Mweleze mzee wako na mwisho wa hadithi: Amu alifariki 1995, na miaka michache baadaye Ghana ikachapa sura yake kwenye noti ya sedi 20,000.

Wala hakuwa wa kwanza. Wamethodisti walifika Cape Coast mwaka 1835, na kinamama wa Kifante, watu wa pwani hiyo, wasiojua kusoma kitabu cha tenzi wakatafutiwa njia yao: nyimbo za kuongoza na kuitikia, kwa lugha yao na kwa sauti za kwao. Huitwa ebibindwom. Raha yake ni kwamba mhubiri yumo katikati ya mahubiri, mama mmoja anamkatiza kwa wimbo, kanisa zima linaitikia, halafu mhubiri anaendelea pale alipoachia. Jaribuni hilo Magu mniambie kikao kitakachofuata kitakuwa cha saa ngapi.

Yakaja pia makanisa ya kiroho yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, yenye ngoma na kucheza tangu siku ya kwanza. Mojawapo lilianza 1922 na linaitwa Musama Disco Christo. Usicheke. Kwa lugha yao maana yake ni Jeshi la Msalaba wa Kristo, na jina hilo lilikuwapo miaka mingi kabla mtu yeyote hajafikiria taa za disko.

Lakini yote hayo ni kuni tu. Moto wenyewe uliwaka miaka ya 1980, na sababu zake hazina utakatifu mwingi. Ghana ilipinduliwa 1979, ikapinduliwa tena tarehe 31 Desemba 1981. Ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku, ikadumu kama miaka miwili. Hebu fikiri kama mpiga dansi, maana mimi nilikuwa mmoja: kazi yako inaanza saa tatu usiku, na saa hiyo askari wako barabarani. Ukumbi umefungwa. Mwaka 1983 ukaja ukame na moto wa mashamba, na mwaka huohuo Nigeria ikawafukuza Waghana wapatao milioni moja, wakarudi na mabegi yao kwenye nchi isiyo na chakula. Gita na amplifaya kutoka nje zikatozwa kodi kama vitu vya anasa. Waliojiweza wakakimbilia Ujerumani, wengi Hamburg, na huko Ujerumani akina George Darko walitengeneza hailaifu ya vinanda vya umeme ambayo nyumbani wakaiita "baga" kwa ajili ya mji wa Hamburg. Wasiojiweza walibaki, na waliobaki walitazama huku na huku kutafuta nani bado ana spika zinazolia.

Kanisa. Kanisa lilikutana mchana, kwa hiyo amri ya usiku haikulihusu. Lilikuwa na waumini wanaochanga, halikubanwa na kodi kama ukumbi wa dansi, likaweza kununua ngoma na gita. Mpiga besi aliyekosa mshahara wa klabu akapata posho ya Jumapili. Alipofika alipiga nini? Alipiga alichokijua. Hapo ndipo hailaifu ilipoketi kwenye benchi la mbele, na mpaka leo haijainuka.

Na likatokea jambo ambalo wanaume wa bendi hawakulitarajia. Zamani, vikundi vya maigizo na muziki vya Ghana vilikuwa vya wanaume watupu, hata sehemu za kike waliigiza wanaume waliojipaka poda, kwa kuwa binti aliyepanda jukwaani alihesabiwa amepotea. Lakini baba gani atamkataza binti yake kuimba kanisani? Ndipo tukapata mapacha wa Tagoe Sisters, tukapata Daughters of Glorious Jesus, kinamama watatu ambao nashuku ndio hasa vijana wako wanawaiga. Mlango huo haukufungwa tena. Mwaka 2017 Joe Mettle alikuwa mwimbaji wa injili wa kwanza kutwaa tuzo ya msanii bora wa mwaka Ghana, na 2021 akaitwaa Diana Hamilton, yule wa "Adom". Adom ni neema.

Kwetu njia hiyo inajulikana pia. Remmy Ongala wa muziki wa dansi, Mungu amrehemu, aliokoka akiwa mtu mzima na akafa 2010 akiwa mwimbaji wa injili, na sikusikia mtu akimwambia aache vidole vyake mlangoni.

Nakupa na ushauri wa kikaoni. Andika maneno ya wimbo kwa Kitwi, tafsiri yake pembeni, umpe kila mzee nakala. Mara nyingi kinachoogopwa ni kutojua kinachosemwa, na hiyo ni hofu halali. Mimi mwenyewe sitaki vijana waimbe wasichokielewa. Wakishaona "Yesu" imeandikwa "Yesu", vilevile kama yetu, na "aseda" ni shukrani, nusu ya vita imekwisha. Nusu nyingine ni sauti ya spika. Ipunguze. Kuna kanisa moja, silitaji, lilinifukuza na gita langu la umeme mwaka 1987, nami nikahama kwa hasira. Leo nakiri: nilikuwa napiga kwa kelele mno.

Kabla sijasahau: mwaka 1991 nilikuwa mtu wa injini kwenye meli ya mizigo, tukatia nanga Tema, bandari ya Ghana. Nje ya lango la bandari kulikuwa na mama anauza wali na maharage, redio ya kaseti inalia gita tamu sana. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha melini: huu ni muziki wa kanisa au wa dansi? Akanitazama kama niliyemuuliza kama wali wake ni wa kiume au wa kike. "Ni wimbo," akasema. "Unakula au huli?"

SWALI: Papa Nyuzi, jambo sana. Niko mpiga solo ya kanisa hapa Lubumbashi. Nikijaribu hailaifu, wenzangu wanasema, "Hiyo ni sebene tu, umeipunguza mwendo." Wapi nakosa? (Mpiga solo, Lubumbashi)

Wenzako wana masikio, na kosa si lako peke yako, ni undugu wa damu. Zamani za Wabelgiji makampuni yalileta Congo wafanyakazi kutoka pwani ya Afrika Magharibi, nao walikuja na matarumbeta yao na gita zao. Babu zako wa Matadi na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, waliwasikia. Wapo wasemao hata neno "sebene" lilitokana na "seven", ile kodi ya saba (kodi ya gita, yaani noti zinazolia pamoja) waliyoipenda wapiga gita wa pwani. Kwa hiyo unapiga muziki wa binamu yako.

Tofauti iko mkononi. Mabaharia wa Kikru kutoka Liberia ndio walioeneza ile namna ya vidole viwili: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinajibu kwenye nyuzi nyembamba. Basi. Vidole vingine vipumzike. Ukitumia kipiki, kitupe kwa mwezi mmoja. Mwaka 1928 Kumasi Trio ya Kwame Asare walikwenda London kurekodi "Yaa Amponsah", na mzunguko wa gita wa wimbo ule ukawa shamba ambalo Ghana nzima imelilima tangu hapo, kanisani na nje. Mpaka Paul Simon wa Marekani alichota humo kwa albamu yake ya 1990, na serikali ya Ghana ikadai haki yake. Usikilize huo kila siku kabla ya chai.

Sasa kuhusu mwendo, maana ndipo ulipo ugonjwa wako. Nyinyi sebene mnaingoja. Wimbo unatembea, maneno yanakwisha, halafu gita linafunguliwa kamba na watu wanasimama. Hailaifu haina kungoja. Gita linaingia na mzunguko wake, na mzunguko huohuo unabaki chini ya mwimbaji tangu mwanzo hadi mwisho, nyuzi mbilimbili zikipanda na kushuka pamoja kama watoto walioshikana mikono. Kodi tatu zakutosha. Usipande juu kwenye shingo ya gita kila ukisikia raha. Mwimbaji akimaliza mstari, mjibu kwa noti nne, kisha nyamaza. Ukiona mkono wa kulia umeanza kukimbia, mkanyage mpiga ngoma mguu, maana kwa kawaida yeye ndiye aliyeanza.

SWALI: Mzee, habari ya siku nyingi. Toleo lililopita uliandika kwamba hailaifu ni mali ya Ghana. Mume wangu ni Mwigbo wa Enugu, Nigeria, na tangu asome (nilimtafsiria mimi, najuta) nyumbani hakukaliki. Anasema injili ya kwao ndiyo hailaifu halisi. Tupatanishe. (Msomaji, Nairobi)

Mwambie mkwe wangu asinune, ale kwanza. Niliandika kwamba ilizaliwa Ghana, na hapo sirudi nyuma. Miaka ya 1950 E.T. Mensah na bendi yake ya Tempos walikuwa wakizunguka Nigeria, na bendi za Lagos zilizokuwa zikipiga muziki wa Kizungu zikabadili mkondo. Huo ndio ukweli, hata ukiuchemsha.

Lakini mtoto kuzaliwa kwa jirani hakumzuii kukulia kwako. Kabla ya vita vya Biafra, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria vya 1967 hadi 1970, hailaifu ya Lagos ilijaa Waigbo. Vita vilipokaribia walirudi mashariki kuokoa roho zao, na Lagos ikaachiwa juju, muziki wa Wayoruba. Baada ya vita, kwa watu waliopoteza karibu kila kitu, hailaifu ya Kiigbo ikarudi na sura nyingine: matarumbeta machache, gita nyingi, nyimbo ndefu zisizo na haraka ya kwisha. Akina Osita Osadebe, akina Oriental Brothers. Na pembeni ya gita ikawekwa ogene, kengele pacha ya chuma, ambayo ukiisikia mara moja hutaichanganya tena na kitu cha Ghana.

Injili yao imejengwa juu ya hiyo. Muulize mkwe kama anamkumbuka Patty Obasi na "Nwa Mamiwota", nakuapia uso utakunjuka. Wa siku hizi watamtaja Chioma Jesus, au "Akanchawa" ya Gozie Okeke. Ghana wanakuimbia wimbo: una mwanzo, una beti, una mwisho. Waigbo wanakuimbia mkesha, kibwagizo kinazaa kibwagizo, nusu saa imepita na bado hujakaa. Kama kwa mkwe wangu hiyo ndiyo hailaifu halisi, simlaumu. Mimi nikiosha vyombo napiga ya Ghana. Nikipaka nyumba rangi, ya Waigbo.

SWALI: Assalamu alaykum Mzee Nyuzi. Mimi Muislamu, mzaliwa wa Pemba, naishi Maskati. Napenda mno hilo gita, lakini mahubiri si yangu. Nisikilize nini? (Msomaji, Maskati)

Waalaykumu salaam. Rudi kwenye mzizi, kabla halijaingia kanisani. Mtafute Koo Nimo wa Kumasi, gita kavu na methali za Kiashanti, muziki wa kukaa kwenye mkeka. Kisha E.T. Mensah kwa matarumbeta. Kwa mtu aliyelelewa na taarab, nakutabiria Koo Nimo atakushika zaidi: naye ni wa maneno ya mafumbo, na hapigi kelele.

SWALI: Shikamoo babu. Kwenye video za Ghana naona watu wanapunga vitambaa vyeupe wakienda mbele kwa kucheza. Vile vitambaa vina maana gani? Ni upako au ni mtindo? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba mjukuu wangu. Ni furaha, na ni jasho. Kule kucheza kwenda mbele ndiko kutoa sadaka, na bendi huiwekea hailaifu yake bora sehemu hiyo, kwa sababu wahasibu wa kanisa nao si wajinga. Mtu hatembei kwenda kwenye sanduku, anacheza, na kitambaa kinaongoza njia.

Safari ileile ya Tema, siku ya Jumapili, karani mmoja wa bandarini alinichukua kanisani kwao. Nilikuwa nimetoa sadaka yangu, nikakaa, nikajiona nimemaliza. Kumbe kulikuwa na ya pili, na hiyo inakwenda kwa siku uliyozaliwa. Kule kila mtu ana jina la siku yake: mwanamume wa Ijumaa ni Kofi, wa Jumamosi ni Kwame, wa Jumapili ni Kwasi, kama sisi pwani tulivyo na akina Juma na Khamisi. Siku hushindanishwa. Bendi inapiga, wanaitwa waliozaliwa Jumatatu, wanakwenda wakipunga vitambaa, wanahesabiwa hela yao, inatangazwa, kisha inaitwa Jumanne.

Karani akaniuliza mimi wa siku gani. Mama yangu alikuwa akisema Alhamisi. "Basi wewe Yaw," akasema, na benchi zima la akina Yaw likageuka kunitazama. Alhamisi ilikuwa nyuma ya Jumamosi kwa kitu kidogo. Sikuwa na kitambaa cheupe, mama mmoja akanipa chake. Nikaenda mbele nikicheza, na buti zangu za injini, nikatoa. Jumamosi wakaomba kurudia. Wakatupita. Akina Yaw wakanitazama tena, na bendi, nakwambia mjukuu, ilikuwa inapiga vile ambavyo hata wewe usingeweza kubaki umekaa.

Tulishinda. Meli iling'oa nanga Jumatatu alfajiri, nami nikavuka hadi Abidjan nikiomba sigara kwa mpishi.